Eka 12 za babu zimelala, mimi nakodi eka 2 kando ya Sabaki

Naandika hii kwa ajili ya mtu ambaye saa hii ana hela kidogo mkononi, amefutwa kazi ama kastaafu, anapita njia ya Malindi anaona mashamba yamelala pori anajiambia si nilime tu bwana, ardhi si ipo. Ipo. Hata mimi niliona hivo hivo. Imenichukua miaka minne kuelewa kwamba ardhi kuwepo na wewe kuipata ni mambo mawili, na pesa nazo ni vivo hivo, zipo nyingi tu ila zinakuja siku ambayo hazina faida tena.

Nilifanya kazi hotelini miaka 11, upande wa vyumba. Machi 2020 korona ikaingia, ndege zikasimama, Waitaliano wakarudi kwao, na sisi tukaambiwa nendeni nyumbani tutawapigia simu. Hawakupiga. Mwezi wa saba nikapewa malipo yangu ya mwisho, Sh 68,000, nikarudi nayo nyumbani kwenye bahasha nikiwa na akili moja tu kichwani: shamba la babu, Ganda, huku Malindi.

Shamba lile ni eka 12. Hati ipo, ya serikali kabisa, imekunjwa ndani ya leso kwenye sanduku la shangazi. Minazi mizee mpaka mingine imekatika vichwa, mikorosho ambayo hakuna mtu aliyeipogoa tangu niko shule, na majani yamefika kiunoni. Nikaandika kwenye grupu la familia, kwa adabu, jamani naomba nilime eka 2 tu pale chini karibu na kisima. Kimya siku tatu. Alafu ami yangu mkubwa, nduguye baba, aliyeko Lamu akajibu maneno mawili: "Subiri mirathi."

Babu alifariki 1998.

Nilikasirika sana siku ile lakini baadaye nikamuelewa. Huku kwetu mti ni ushahidi. Ukimwachia mtu apande mwembe leo, kesho keshokutwa wanawe watasema huu ni mwembe wa mama yetu, na chini ya mwembe kuna ardhi. Ndio mana pwani unaweza kukuta ardhi ni ya fulani na minazi iliyo juu yake ni ya fulani mwingine, na wote wawili wana haki. Kwa hivo familia ikiwa haijagawana, kila mtu anamzuia mwenzake, na njia salama kuliko zote ni shamba lilale. Shangazi anaokota nazi zake, wengine wako Lamu, wako Mombasa, ami mdogo yuko Jeddah, hakuna anayepata hasara ya kuonekana kwa macho.

Basi nikaenda kukodi. Nikapata eka 2 upande wa Magarini, kando ya mto Sabaki, mwenyewe anaishi Mombasa na ana msimamizi pale kijijini. Sh 7,000 kwa eka kwa msimu, na masharti mawili: "Dada, kodi mbele. Na usipande mti wowote wa kudumu." Nikacheka moyoni. Kumbe hofu ni ileile ya ami.

Kosa langu la kwanza lilikuwa hapo. Nilikubali kwa mdomo, tukapeana mkono, nikatuma pesa kwa simu. Sikuandika hata karatasi ya daftari. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba kwa sheria ya ardhi ya 2012 mkataba wa kukodi usiozidi miaka miwili unaweza kuwa wa mdomo na ukasimama, lakini mdomo ni mdomo, mkikosana kila mmoja anakumbuka lake. Ukitaka zaidi ya miaka miwili lazima uandikwe, na kama ni ardhi ya kilimo kuna ile bodi ya udhibiti wa ardhi ya kupitisha, ambayo inatakiwa iombwe ndani ya miezi 6 tangu mkubaliane la sivyo mkataba wenu ni hewa. Watu wengi huku hawajui kwamba bodi haihusu kuuza peke yake, inahusu hata kukodisha, kugawa, na kuweka ardhi rehani benki.

Turudi kwenye pesa, mana hapa ndipo nilipochomeka. Sh 68,000. Pampu ya petroli ya mtumba na mipira yake 27,000. Kodi 14,000. Trekta 9,000. Mbegu za tikiti 7,800. Nikabaki na 10,200 za mbolea, dawa, petroli na vibarua, na nikaona niko sawa kabisa, manake kwenye hesabu yangu niliandika "petroli" mara moja tu kama vile pampu inakunywa siku ya kwanza ikashiba. Tikiti linachukua kama siku 80 na kitu mpaka kukata. Wiki ya tano, maua yametoka, ndio wakati mmea unataka maji na dawa kuliko wakati wowote mwingine, mimi mfukoni nina Sh 400.

Na usiku nilikuwa nalala shambani, viboko wa Sabaki hawana mchezo, wakipanda ukingoni wanakanyaga mistari mitatu kabla hujawasha tochi. Nimelala pale kwenye kibanda cha makuti nasikia majani yanachakacha, nawaza petroli. Nikachukua simu nikakopa hukohuko gizani. Sh 15,000, ada asilimia 7.5, siku 30. Ilichukua kama dakika moja. Wallahi sijawahi kupata pesa kirahisi hivo, na ndio ubaya wake, siku 30 zinaisha tikiti lina ukubwa wa ngumi! Hakuna zao la kuuza huku linalokwenda na mkopo wa siku 30 isipokuwa mchicha. Nilikuwa natakiwa kulipa Sh 16,125 na shambani hakuna hata kimoja cha kukata.

Ndio akaja broka. Kijana mstaarabu, ana kenta, lori dogo, anapeleka soko la Kongowea, Mombasa. Akatembea shambani polepole, akagonga tikiti mbili tatu kwa kidole, akasema, "Mama, mzigo wako mzuri. Nakupa 30,000 leo, ukikomaa nachukua wote kwa 11 kilo." Nikashika ile pesa. Nikalipa simu, nikabaki na 13,875, nikanunua petroli na dawa, tikiti zikapona ingawa kuna mistari ilikuwa ishakauka.

Nilipokata nilipata tani 9 kwa eka mbili, ambayo si kitu cha kujisifia, ile wiki moja na nusu ya kiu ndiyo ilinipunguzia. Tani 9 kwa shilingi 11 ni 99,000, toa 30,000 yake, nikapewa 69,000. Wiki ileile jirani yangu aliuza 19. Nikakaa nikapiga hesabu kwenye simu nikairudia mara tatu: tofauti ya shilingi 8 kwa kilo 9,000 ni Sh 72,000. Yaani ile elfu 30 ya wiki chache ilinigharimu elfu 72. Hakuna benki duniani itakayokuambia riba ya namna hiyo kwa sura ya kawaida.

Lakini sitamtukana broka, na nawaambia watu waache kuwatukana. Yeye alikuja wakati hakuna mwingine angekuja, hakuuliza hati, hakuuliza nani mdhamini, dhamana yangu ilikuwa zile tikiti zenyewe anazoziona. Na viboko wangepita pale usiku mmoja hasara ingekuwa yake pia. Tatizo ni kwamba alikuwa peke yake. Siku hizi nikilazimika kuchukua pesa ya mbele nachukua kwa nusu ya mzigo tu, nusu nyingine nauza kwa bei ya siku, na tunaandika. Wengine wanakubali, wengine wanaondoka na kenta yao.

Msimu wa pili nikajirekebisha. Pesa ya petroli na dawa nikaiweka pembeni kabla ya kununua kitu chochote, na nikaweka samadi, kenta mbili kutoka kwa wafugaji, nikaichanganya vizuri, ule mchanga wa pale ukabadilika rangi. Pilipili zilitoka mpaka watu wanasimama njiani kuangalia. Msimamizi pia alisimama kuangalia. Msimu wa tatu kodi ikapanda kutoka 7,000 mpaka 11,000 kwa eka, sababu eti "shamba lako sasa ni zuri." Lako! Nikawa nalipia kodi samadi yangu mwenyewe. Tangu siku ile kwenye shamba la kukodi la msimu naweka mbolea ya dukani tu, inayoisha na msimu, najua kabisa kwamba naichosha ardhi ya watu na sina namna. Kama unataka kuweka samadi ama mtaro ama kitu chochote cha kukaa, kwanza pata maandishi ya misimu minne na bei imeandikwa humo. Mwenye shamba akikataa, basi naye ameshachagua aina ya mkulima anayemtaka.

Mwaka 2022 nikaamua kwenda benki. Nilitaka 300,000 za pampu ya sola na dripu, mipira ya kudondosha maji, mana petroli ilikuwa inakula faida yote. Shangazi akaniazima ile hati kwa shida, akaitoa kwenye leso kama anatoa msahafu, "Mwanangu, ikipotea hii nimekufa." Afisa wa mikopo alikuwa binti mpole, akaisoma, akanyamaza, akaniuliza mwenye jina hili ataweza kufika lini kusaini.

"Yuko makaburini tangu '98," nikamwambia.

Akacheka akajizuia. Akanieleza vizuri: hawawezi kuchukua rehani ya ardhi ya marehemu, mpaka mirathi iamuliwe, majina yabadilishwe, wote wakubali, alafu bodi ipitishe, na mimi mwenyewe nitakuwa na kipande gani? Sikujua. Nilikuwa sijawahi kukaa nikauliza.

Nikaenda kuuliza. Kwa sisi Waislamu mirathi inasikizwa kwa Kadhi, na korti ya Kadhi Malindi ipo, kwa hivo hilo halikuwa gumu. Ugumu ni mpangilio wa vifo. Babu 1998, bibi 2004, baba yangu 2011, na kila kifo kina mgao wake. Eka 12: watoto wa kiume watatu, wa kike wawili, ukishapitisha na fungu la bibi lililorudi kwa wanawe, kila mwanamume ana eka 3 na kila mwanamke eka moja na nusu. Zile 3 za baba: mama ana thumni, yaani moja ya nane, kaka yangu, dada yangu na mimi tunagawana iliyobaki, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Fungu langu ni kama robo mbili na nusu ya eka. Robo tatu haifiki. Na hati ya robo tatu isiyofika benki gani itaichukua?

Sisemi kugawana ni kubaya, haki ni haki. Nasema watu wakae wajue kwamba kugawana mafungu na kukata ardhi vipande si kitu kimoja. Tulikaa na mama, kaka na dada, tukakubaliana eka 3 za baba zisikatwe, mimi nitalima zote, nao nawapa sehemu kila msimu, imeandikwa, wote tumesaini mbele ya wakili, miaka 6. Hiyo karatasi ndio kitu cha maana kuliko vyote nilivyofanya, na tungeweza kuiandika 2011.

Kwenye mirathi deni la marehemu linalipwa kwanza kabla ya warithi, kwa hivo habari ikaenea kwamba tunatafuta wadai wa babu. Akaja mzee mmoja wa Kigiriama, jirani, na ukurasa wa daftari uliokaribia kukatika kwenye mikunjo. 1983 babu alichukua kwa baba wa huyo mzee Sh 2,400 na akaweka minazi 18 rehani. Mashahidi wawili, dole gumba mbili. Tangu hapo miaka 40 wao ndio wanaopanda minazi ile na kuiangua. Mimi nilikua naona watu wanapanda pale nikidhani ni vibarua wa shangazi!

Niliwaza sana kuhusu ukurasa ule. Babu hakuwa na hati wakati ule, na alipata mkopo jioni moja chini ya mti, bila serchi ya hati, bila bodi, mkopeshaji anakula nazi badala ya riba na ardhi haiguswi. Mimi nina hati ya serikali na nimekosa. Lakini nilipoenda kuiangalia ile minazi nikaona upande wa pili: 18 ile ndiyo mibovu kuliko yote shambani. Mwenye rehani hapandi mche mpya mana ardhi si yake, mwenye ardhi hapandi mana nazi si zake. Mnazi ukifa pale unaacha shimo na shimo linabaki shimo. Ni kama wale majirani wa ng'ambo ya barabara, wako pale zaidi ya miaka 30 bila karatasi, na sababu ni ya zamani, sheria ya mkoloni ya 1908 iliyosema kila mwenye dai la ardhi pwani ajitokeze, na ambayo haikudaiwa ikawa ya serikali, wengi hawakujua, wengi hawakuwa na wa kuwaandikia. Muhogo na mahindi kila mwaka, hawana hata mpapai. Watu wanawaita wavivu. Mtu anayejua anaweza kuondolewa mwezi ujao atapanda mwembe wa nini?

Tulibishana na yule mzee vikao vitatu, wao wanataka thamani ya leo, ami wa Jeddah kwa simu anataka walipwe 2,400 ileile. Wazee wa pande zote mbili wakatukalisha, tukamalizana kwa 45,000 na ukurasa ukachanwa mbele yetu.

Pampu ya sola nilikuja kuipata bila hati. Kwa njia ya murabaha, kwenye benki ya kufuata sharia (zipo Kenya tangu 2008, hata kama huna shida na riba nenda usikie bei yao): wao wananunua pampu, wanakuuzia kwa bei ya juu inayojulikana tangu mwanzo, unalipa kidogo kidogo. Dhamana ni pampu yenyewe. Tangu 2017 kuna sheria inayoruhusu mali ya kuhamishika kusajiliwa kama dhamana, mashine, mifugo, hata mazao, na mimi sikuijua mpaka nimeshapigwa na simu na broka. Kitu nilichokomaa nacho ni tarehe. Niliwaambia nitalipa kubwa mwezi wa kuvuna na kidogo miezi mingine, wakanitazama, wakaniomba rekodi ya mauzo ya misimu miwili. Nilikuwa nayo, kwenye daftari la watoto la hesabu, jumbe za malipo nimezinakili moja moja. Bila daftari lile ningerudi mikono mitupu. Kwa hivo andika, hata kama unauza debe moja la bamia.

Novemba 2023 Sabaki ikafurika. Pampu niliihamisha kwa punda usiku, mipira ikaenda, eka moja na nusu ya muhogo na pilipili ikaenda, na kodi nilikuwa nimeshalipa mbele. Msimamizi alinipa pole. Nilikaa miezi miwili nikilipa pampu kwa pesa ya chama, mchezo wetu wa kina mama 14, na walinibadilishia zamu nikapokea mapema. Mtu akikuambia chama ni umbea mwambie akajaribu kuomba afisa yeyote zamu.

Sijamaliza kuwaambia kuhusu miche. Mwaka 2021, pesa za tikiti zikiwa bado zina joto, nilinunua miche 40 ya miembe ya kupandikiza, Apple na Ngowe, Sh 150 mmoja. Nilikuwa na uhakika ami atakubali. Hakukubali, na shamba la kukodi ni marufuku, basi nikaipanga kwenye viriba vyake vya nailoni chini ya mkwaju pale Ganda, nikawa namwagilia nikipita. Mwingine ulikauka, mwingine ukaliwa na mbuzi, nyingine nilisahau tu. Ikabaki 11.

Mwezi uliopita sevea, mpima ardhi, alikuja, hatimaye, baada ya karibu 140,000 za karatasi, nauli na ada ambazo nimezitoa zaidi mimi. Hati bado inasoma jina la babu. Ami alitoka Lamu na basi la alfajiri, fimbo mkononi, hajakanyaga pale miaka tisa. Sevea akataka njia chini ya mkwaju ili avute kamba, ami akainama kuuondoa mche mmoja uliokuwa mbele, akauvuta. Haukutoka. Akavuta tena kwa mikono miwili. Mizizi ilikuwa ishatoboa nailoni kitambo, imeingia ardhini, shina nene kama kifundo cha mkono.

"Nani kapanda huu hapa?"

"Hakuna aliyeupanda, ami."

Akanitazama, akautazama, akaniomba kisu. Akachana kiriba chote mpaka chini, akazivuta nailoni moja moja akaziweka mfukoni kwenye kanzu, akamwambia mwanangu alete maji. Alafu sevea akapitisha kamba yake, na mche ukaangukia upande wa shangazi.